Wimbo wa Kikamba huvuka bahari, tangazo lake je?

Hebu fikiria, msomaji. Wewe ni kijana wa Mutomo kule Kitui, au wa Kibwezi upande wa Makueni. Gitaa lako ulilinunua kwa taabu, na siku hizi hakuna harusi ya jirani inayofanywa bila wewe. Siku moja jamaa aliye Ujerumani anakupigia simu: amepata ukumbi mdogo, watu themanini hivi, njoo uimbe. Mnakubaliana kwamba kodi ya ukumbi italipwa kwa pesa za mlangoni. Kikamba unacho, Kiswahili unacho, Kiingereza cha shule unacho. Kijerumani huna hata cha kuombea maji. Utawaitaje watu?

Nyumbani kazi hii ni nyepesi. Gari lenye vipaza sauti huzunguka soko la Kalundu, redio za Kikamba kama Musyi FM zikataja jina lako, na kufikia jioni habari imefika Wote bila wewe kutoka jasho. Ughaibuni hakuna Kalundu.

Wengi hudhani kizuizi kimo ndani ya wimbo, kwa hiyo jambo la kwanza wanalofanya ni kubadilisha maneno. Mimi siafiki. Mnamo miaka ya 1980 Kalambya Sisters, wakipigiwa magitaa na Kalambya Boys, waliimba "Katelina" kwa Kikamba kitupu. Ni kisa cha kuchekesha cha mwanamke aliyependa pombe, na kila mwaka yu mjamzito. Wimbo huo ulifika Ulaya na kupata wapenzi wake huko. Sidhani kama wengi wao walijua Katelina alikuwa na matatizo gani! Sauti nyembamba za akina dada hao na nyuzi za magitaa zilitosha.

Utaniambia: na Kakai Kilonzo je? Ni kweli. Kakai, kiongozi wa Kilimambogo Brothers aliyefariki mwaka wa 1987, aliimba sana kwa Kiswahili, na ndiyo maana "Mama Sofi" alijulikana mbali na Ukambani. Lakini Kakai aliwaimbia Wakenya, na Kiswahili wanakijua. Ukiacha Kikamba ukaimba Kiswahili mbele ya Wajerumani, umebadilisha fumbo moja kwa jingine, na yule Mkamba aliyepanda gari-moshi saa tatu nzima kuja kusikia lugha ya mama yake umemnyima alichofuata.

Mtazame pia Ayub Ogada. Mwaka wa 1986 alikwenda Uingereza na nyatiti yake, akawa akipiga katika vituo vya reli za chini ya ardhi mjini London, akiimba Kijaluo. Hapo ndipo watu wa tamasha la WOMAD walipopata habari zake, na mwaka wa 1993 ikatoka albamu yake, En Mana Kuoyo. Wimbo wake "Kothbiro" ukaja kusikika katika filamu The Constant Gardener ya mwaka wa 2005. Ogada hakubadilisha maneno. Ila alikuwa na kitu ambacho kijana wetu hana: Kiingereza alikimudu, maana aliishi Marekani utotoni. Akimaliza kupiga, aliweza kuongea na aliyesimama kusikiliza.

Basi kizuizi kiko mlangoni. Kiko kwenye bango, kwenye simu ya kumwomba mtangazaji wa redio ndogo akutaje, na kwenye yale maneno machache kabla ya wimbo. Hayo lazima yawe kwa lugha ya wenyeji, tena yaandikwe au yasomwe na mwenyeji. Usiiachie simu yako itafsiri peke yake. Wewe umeandika "saa mbili usiku". Ukitafsiriwa neno kwa neno, Mjerumani atasoma saa ambayo kwetu ni saa nane za usiku, na kwake huo ni wakati wa kulala. Andika 20.00. Neno benga liache lilivyo, kisha chini yake useme kwamba ni muziki wa magitaa wa kucheza, watu wasije na viti vya kukalia wakitarajia mhadhara.

Mwenyeji huyo utampata wapi? Hapa ndipo Kiswahili chako kinapolipa. Kiswahili hufundishwa katika vyuo vikuu vya Leipzig, Hamburg na Bayreuth, na huko Bayreuth wataalamu wa lugha hii wamekuwa wakikutana kwa kongamano tangu miaka ya 1980. Mwanafunzi anayehangaika na ngeli zetu atafurahi kupata mtu wa kuzungumza naye. Mwandikie barua fupi kwa Kiswahili chepesi. Atakutafsiria bango, na siku ya siku huenda akaja na darasa zima, wote wakiwa wamelipa kiingilio. Mwombe pia asimame kando yako jukwaani akieleza kila wimbo kwa sentensi mbili: Katelina ni nani, na kwa nini watu wa Kitui wanacheka.

Mambo ya viza ni marefu, leo nayaacha. Ila kabla baba hajauza ng'ombe kwa ajili ya tikiti ya ndege, mpigie tena yule jamaa, umwulize: bango limeandikwa tayari? Na ni Mjerumani gani amelisoma?