Viumbe Wasioonekana, Watumishi wa Nyumba Yetu ya Pamoja

Katika Waraka wake “Laudato Si’” wa mwaka 2015, Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alizitaja oksidi za naitrojeni miongoni mwa gesi zinazoongeza joto duniani. Mojawapo ni naitrasi oksaidi, ambayo hospitalini hutumika kupunguza maumivu. Gesi hii hutoka kwa wingi mashambani, hasa pale mbolea inapozidi mahitaji ya mimea. Katika kipindi cha miaka 100, kilo moja yake huongeza joto takribani mara 270 kuliko kilo moja ya hewa ukaa.

Hata hivyo, Mwenyezi Mungu ameweka udongoni bakteria wenye uwezo wa kuiangamiza. Oksijeni inapopungua udongoni, kwa mfano baada ya mvua kubwa, bakteria hao huitumia gesi hiyo badala yake ili kupata nguvu ya kuishi. Kimeng’enya chao chenye madini ya shaba huitenga oksijeni iliyomo, na kinachobaki ni naitrojeni ya kawaida, ile iliyo asilimia 78 ya hewa.

Lakini naitrojeni hiyo ni ghala lililofungwa: mimea na wanyama hawawezi kuitumia moja kwa moja. Wapo bakteria wanaolifungua kwa kuigeuza naitrojeni kuwa amonia, na kwa hiyo amonia hujenga protini za miili yao. Wengine hufanya kazi zote mbili. Baadhi ya bakteria wa jamii ya Bradyrhizobium, wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya soya, huiangamiza naitrasi oksaidi na pia huulisha mmea; nao mmea huwapa chakula.

Hapa ndipo wajibu wetu unapoanza. Udongo wenye asidi nyingi hukidhoofisha kimeng’enya kile, na gesi hutoroka angani. Anayetia mbolea ya chumvichumvi kupita kiasi hupoteza fedha, na mara nyingi huongeza asidi hiyo. Basi tupime udongo, tutie chokaa panapohitajika, tupande maharage pamoja na mahindi, na mbolea tuitie kwa kiasi na kwa wakati wake.

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Tunapowatunza viumbe hawa wadogo, tunautimiza wito huo, kwa manufaa yetu na ya watakaorithi mashamba haya.