Kinga ya Mbunge ni Mali ya Nani?

Kinga ya mbunge ni nini, na ipo kwa manufaa ya nani? Hapana budi tulielewe jambo hili barabara, maana wapo wanaoiona kinga hiyo kuwa ni zawadi ya cheo, kama posho.

Tuanze na historia. Mwaka 1629 Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza alimtia kifungoni mbunge John Eliot kwa yale yaliyotendeka Bungeni. Eliot alifia kifungoni mwaka 1632. Baada ya mapambano marefu kati ya Bunge na wafalme, Sheria ya Haki ya mwaka 1689 ilitamka kwamba yasemwayo Bungeni yasihojiwe mahakamani. Kwa hiyo kinga ilizaliwa iwe silaha ya kumzuia mtawala asimzibe mdomo mwakilishi. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 100, nayo inalinda uhuru huo wa majadiliano.

Lakini silaha yaweza kutumiwa kinyume. Tutazame India. Mwezi Julai 1993 serikali ya Waziri Mkuu Narasimha Rao iliponea hoja ya kutokuwa na imani nayo kwa kura 265 dhidi ya 251. Baadaye wabunge kadhaa walishtakiwa kwa kula rushwa ili kuiokoa. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba aliyepokea fedha na kupiga kura analindwa na kinga; aliyetoa fedha halindwi; na aliyepokea asipige kura, naye halindwi. Yaani aliyetimiza mapatano ya rushwa ndiye aliyesalimika!

Tarehe 4 Machi 2024 majaji saba wa Mahakama hiyo, kwa kauli moja, waliutengua uamuzi huo. Walieleza kwamba kosa la rushwa hukamilika pale fedha zinapopokelewa, kura ipigwe isipigwe.

Tunajifunza nini? Kwanza, kinga ni ya kazi, si ya mtu. Pili, inalinda hoja na kura, hailindi biashara iliyofanywa gizani kabla ya kura. Tatu, dawa ya matumizi mabaya si kuifuta kinga yote. Kufanya hivyo ni kumrudishia mtawala ufunguo wa gereza la Eliot.

Basi kila mbunge anapodai kinga, tuulize: je, anayelindwa hapa ni mwananchi aliyemtuma, au ni mfuko wake mwenyewe?