Thuweba, jina lililohifadhiwa na maulidi

Mtoto wa kike akizaliwa Tononoka siku hizi, mara nyingi jina lake hutafutwa kwenye simu kabla ya kuulizwa wazee. Katika kata hii ya Mvita, ambako Waswahili, Waarabu, Wasomali na watu wa bara wanaishi mlango kwa mlango, wazazi wengi Waislamu wanataka jina la Kiarabu, ila liwe lile ambalo jirani hana. Haja yao inaeleweka. Fatma, Aisha na Khadija wamejaa madarasani na madrasani, na ili kuwatofautisha inabidi kuongeza jina la baba na la babu, au kumwita mmoja Tima, mwingine Esha na mwingine Dija. Taabu ni kwamba orodha za mtandaoni hazichambui zinachokipakua. Mfano ni Alayna, ambalo wazazi wengi duniani wamelipenda kwa kuambiwa kwamba limo ndani ya Qur'ani. Neno hilo limo kweli, na maana yake ni "juu yetu". Ni kipande cha sentensi, na hakuna mtu anayetajwa humo kwa jina hilo. Anayetaka jina adimu lenye mwenyewe na lenye kisa hahitaji kwenda mbali hivyo. Pwani inalo moja ambalo limekaa hapa kwa vizazi, na ambalo hata katika nchi za Waarabu halisikiki sana leo: Thuweba.

Mwenye jina hilo alikuwa mjakazi wa Makka, mali ya Abu Lahab, ami yake Mtume Muhammad. Yeye ndiye aliyemnyonyesha Mtume siku za mwanzo, baada ya Bi Amina na kabla ya Bi Halima wa Bani Saad kuja kumchukua na kumpeleka kwao jangwani. Maziwa yale yalikuwa ya mwanawe mwenyewe, Masruh, na kabla ya hapo Thuweba alikuwa amekwisha kumnyonyesha Hamza bin Abdulmuttalib. Kwa sheria ya Kiislamu kunyonya ziwa moja kunaleta udugu unaoharamisha ndoa, hivyo Hamza akawa ami ya Mtume na papo hapo nduguye. Mtume aliposhauriwa amwoe binti wa Hamza, alikataa kwa sababu hiyo: yule ni mtoto wa ndugu yake wa kunyonya. Waandishi wa sira, akiwemo Ibn Saad, wanasimulia kwamba baada ya kuhamia Madina Mtume aliendelea kumpelekea Thuweba nguo na matumizi, mpaka mwaka wa 7 wa Hijra alipokuwa akirudi kutoka Khaybar na kupata habari ya kifo chake. Hapo akauliza habari za Masruh, akaambiwa kwamba alitangulia kufa kabla ya mama yake. Kwa sura yake jina ni la udogo wa kimapenzi, kama Husseni lilivyotoka katika Hasani, na shina lake ndilo lile lililotupa neno thawabu. Maana hiyo ni nzuri, lakini kisa cha mwenyewe ndicho chenye uzito zaidi.

Sasa, kwa nini jina la mama aliyenyonyesha siku chache tu lidumu pwani ya Afrika Mashariki? Jibu langu ni maulidi. Kitabu kilichosomwa zaidi huku ni cha Jaafar al-Barzanji, mwanachuoni wa Madina wa karne ya 18, na Sayyid Mansab wa Lamu alikifasiri kwa tenzi za Kiswahili ili wasiojua Kiarabu nao wafuate. Kila Mfungo Sita kinasomwa misikitini, na nje ya mwezi huo kinasomwa majumbani penye akika, arusi au nadhiri. Wanawake nao huandaa maulidi yao wenyewe: ubani unafukizwa, marashi yananyunyizwa, na ukifika mlango wa kuzaliwa Mtume watu wanasimama kwa kiyamu. Katika milango hiyo ya uzazi na ulezi msikilizaji anakutana na wanawake watano: Amina aliyezaa, Asia na Mariamu waliohudhuria usiku ule, kisha Thuweba na Halima walionyonyesha. Yote matano ni majina ya mabinti wa pwani. Msichana aliyekaa kwenye mkeka kila mwaka akiyasikia anayajua kabla hajajua kusoma, na akija kuwa mama hana haja ya kuyatafuta.

Mtu makini anaweza kuuliza kama huo kweli ni ushahidi. Amina na Halima wamo kila mahali penye Waislamu. Mariamu na mke wa Firauni, ambaye mapokeo yanamwita Asia, habari zao zimo ndani ya Qur'ani. Majina hayo yangefika Mombasa hata kama hakuna aliyewahi kusoma Barzanji. Nakubali, na ndiyo maana Thuweba ndiye kipimo cha hoja hii. Yeye hatajwi katika Qur'ani, na katika historia amefunikwa na Halima, aliyekaa na Mtume miaka na siyo siku. Jina la namna hiyo halisambai lenyewe. Linahitaji mahali ambapo linatamkwa kwa sauti mbele ya watu, tena na tena. Tazama lilikobaki: huku Kenya na Zanzibar, ambako Thuwayba Kisasi amejulikana katika siasa za Tanzania, na miongoni mwa Wahausa wa Nigeria, wanaoliita Suwaiba na ambao kwao ni jina la kawaida kabisa. Wahausa na Waswahili hawakuambukizana majina. Kinachowaunganisha ni mapenzi ya maulidi.

Pingamizi la pili linatoka ndani ya misikiti yetu wenyewe. Wako wanaoona maulidi ni uzushi, na hawatapenda mtoto apewe jina kwa njia hiyo. Hasa hawakipendi kile kisa mashuhuri kwamba Abu Lahab alimwacha huru Thuweba kwa furaha ya kupashwa habari ya uzazi, na kwamba baada ya kufa akaonekana ndotoni akisema ananyweshwa maji kidogo kwa sababu ya tendo hilo. Ndoto, wanasema, si hoja ya dini, na wanazuoni wamehitilafiana hata juu ya wakati alioachwa huru: wengine wanasema ni karibu na Hijra. Ubishi huo una heshima yake, lakini hauligusi jina. Katika Sahihi ya Bukhari, mlango wa ndoa, Mtume mwenyewe anamtaja Thuweba kwa jina anapomweleza mkewe Ummu Habiba kwamba mwanamke huyo aliwanyonyesha yeye na Abu Salama. Asiyehudhuria maulidi hata siku moja bado ana njia ya kulifikia jina hili, tena njia ambayo hawezi kuitilia shaka.

Pingamizi zito zaidi ni la tatu, na pwani yetu haina haki ya kulipita juujuu. Huyu alikuwa mtumwa. Huku utumwa haukupigwa marufuku kisheria mpaka mwaka 1907, na jina lilikuwa mojawapo ya alama zake: bwana ndiye aliyelitoa, na kumbukumbu za karne ya 19 zimejaa kina Mabruki, Feruzi, Almasi na Zafarani, majina ya bahati, ya vito na ya manukato, yaliyombandika mtu upya kana kwamba hakuzaliwa na yeyote. Je, kumwita binti Thuweba si kurudisha alama ile? Naona ni kinyume. Thuweba hakulichukua jina la Abu Lahab. Abu Lahab ndiye anayetajwa kwa ajili yake kila kisa hiki kinaposimuliwa. Mzazi anayelichagua anamfanya binti yake kuwa somo wa mwanamke ambaye maziwa yake, ingawa aliwahi kuwa mali ya mtu, yaliweka hukumu ya nani ni ndugu wa nani katika nyumba ya Mtume, na ambaye Mtume hakumsahau mpaka mwisho. Katika mji wenye familia nyingi ambazo nyanya zao walipewa majina na wengine, hilo si jambo dogo. Linganisha na Baraka, jina la Ummu Ayman, mlezi wa Kihabeshi aliyekuwa na Mtume tangu utoto: huku limegeuka la wanaume, na wachache wanakumbuka kwamba lilikuwa lake.

Kuna ugumu mmoja wa kawaida. Jina hili linaanza na sauti ambayo Mombasa inaitamka vizuri na bara wengi wanaigeuza s, kwa hiyo mtoto huyohuyo anaweza kuwa Thuweba nyumbani, Suweba hospitalini na Thuwaiba shuleni. Cheti cha kuzaliwa kikitofautiana na cha mtihani, baadaye kitambulisho kinageuka safari ya hati za kiapo. Wazazi waamue tahajia moja kabla ya kujaza fomu, waiandike kwa herufi kubwa, na wakae na karani mpaka waone alichokiandika. Mimi ningechagua Thuweba, kwa th na kwa e, kwa kuwa ndivyo linavyotamkwa Mombasa.