Kabla hujanunua alteneta, pima waya wa hasi

Kama gari lako la zamani linalala Mikindani, Msimbati au popote karibu na bahari ya Mtwara, kuna siku dashibodi itakuchanganya. Geji ya mafuta inacheza ovyo, taa zinafifia, asubuhi betri imelala. Utaambiwa, "Alteneta imekufa, nunua nyingine." Subiri kwanza.

Kwenye gari, umeme hutoka ncha chanya ya betri kwa nyaya, lakini hurudi ncha hasi kupitia chuma cha bodi na injini. Pale waya wa hasi unapofungwa kwa bolti ndipo upepo wa bahari unapofanya kazi yake. Chumvi hunasa unyevu, maji ya chumvi hupitisha umeme, na metali mbili tofauti zikigusana humo, moja huliwa haraka. Kutu inayobaki ni ukinzani.

Usiudharau. Ampea 30 zikipita kwenye ukinzani wa omu 0.1 tu, volti 3 zinapotea njiani. Alteneta inazalisha vizuri, ila betri haishibi.

Geji nazo zinategemea njia hiyohiyo. Kwenye Land Rover Series III, kuna kifaa kidogo kinachoshusha volti za geji hadi 10. Kikikosa hasi nzuri, geji ya mafuta na ya temperecha hupanda pamoja. Kwa hiyo geji moja ikidanganya, anza na floti au waya wake. Zikidanganya zote, tafuta kitu zinachochangia.

Sasa chukua mita, iweke kwenye volti za DC:

1. Injini imezimwa na gari limepumzika: betri iliyojaa husoma kama 12.6.
2. Injini inaunguruma: kwenye betri utarajie 13.8 hadi 14.5.
3. Ikiwa chini, pima kwenye alteneta yenyewe: nyekundu kwenye bolti yake nene, nyeusi kwenye mwili wake. Ukipata 14 hapo na chini ya 13 kwenye betri, alteneta ni nzima. Ikiwa chini hapo pia, kagua mkanda, kisha alteneta.
4. Injini inaunguruma, taa zimewashwa: pima kati ya ncha hasi ya betri na chuma cha injini, halafu bodi. Ikizidi 0.2, umempata mwizi. Zima gari, fungua, piga msasa, kaza, paka grisi.

Mambo mawili usiyafanye. Usichomoe betri injini ikiunguruma ili "kujaribu chaji". Volti hupanda ghafla na kuua dayodi za alteneta. Na taa ya chaji ikiwaka huku temperecha inapanda, usiseme ni geji tu. Kwenye magari mengi ya zamani mkanda mmoja huzungusha alteneta na pampu ya maji. Ukikatika, simama hapohapo, la sivyo utanunua injini.