'Halimo damuni' si sawa na 'hana'

Mwaka jana binamu yangu aliniletea majibu ya kipimo cha DNA cha mwanawe ili nimtafsirie. Mguu mmoja wa mtoto ulikuwa ukikua kupita mwenzake. Nilisoma karatasi ile harakaharaka, nikamwambia: "Hana." Nilikosea, na kosa lenyewe lilikuwa la lugha.

Majibu yalisema kwamba badiliko la jeni halikuonekana katika damu iliyopimwa. Kiswahili kina -po, -ko na -mo, na hata mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba -mo ni ya ndani. Badiliko lisilokuwamo damuni laweza kuwamo mguuni.

Lawezaje? Sote huanza tukiwa seli moja. Katika kugawanyika kwa seli, herufi moja ya DNA huenda ikanakiliwa vibaya. Seli zitokanazo na ile yenye kosa hulirithi. Nyingine husalia salama. Wataalamu huiita hali hii mozaiki. Mimi napendelea "mabaka". Mwenzangu mmoja anashikilia "viraka", nami namkatalia katakata: kiraka hutoka kwenye kitambaa kingine, ilhali baka la ng'ombe limeota kwenye ngozi ileile.

Chukua ugonjwa wa Proteus, ambao hufanya baadhi ya sehemu za mwili zikue kupita kiasi. Mwaka 2011, watafiti nchini Marekani walitangaza kwamba wagonjwa 26 kati ya 29 waliochunguzwa walikuwa na badiliko lilelile katika jeni ya AKT1. Aghalabu halionekani katika damu. Sharti kikatwe kipande kidogo cha ngozi au mnofu wa mahali palipoathirika.

Hata sampuli ikiwa ndiyo, kuna hesabu. Mashine husoma kila herufi mara nyingi. Badiliko lililorithiwa kwa mzazi mmoja hujitokeza katika takriban nusu ya masomo hayo. La mabaka je? Tuseme limo katika seli 10 kwa kila 100. Kila seli ina nakala mbili za jeni, na moja tu ndiyo yenye kosa, kwa hivyo litajitokeza katika asilimia 5 ya masomo. Mashine ikisoma mara 30, utaliona mara moja au mbili, pengine usilione kabisa, na ukiliona utadhani mashine imeteleza. Ikisoma mara 1,000, litatokea mara 50 hivi. Hapo si rahisi kuisingizia mashine.

Mzazi anayepewa majibu ya aina hii ana haki ya kuuliza: sampuli ilitoka wapi mwilini, na ilisomwa mara ngapi? Binamu yangu aliuliza. Daktari akaagiza ngozi ya mguu wenyewe ipimwe, na badiliko likapatikana humo. Safari hii hakuniletea karatasi. Alimwomba daktari amsomee.