Waya Ukikatwa, Kazi Yake Inakwenda Wapi?

Waya wa SDI unaotoka nyuma ya kamera ya video una unene wa milimita chache tu, lakini unapitisha biti bilioni 2.97 kila sekunde. Kameramani hana haja ya kuufikiria. Picha inaingia huku na kutokea kule bila kuchelewa wala kukatika, mpaka siku mtu ajikwae juu yake. Katika kumbi za harusi za Dar es Salaam na Nairobi kamera mbili tatu huzunguka kati ya meza, huku skrini za LED pembeni mwa jukwaa zikiwaonyesha maharusi papo hapo. Mahali pa namna hiyo, kama ilivyo uwanjani au kwenye mkutano wa injili, waya wa mita 80 ni mzigo na ni hatari kwa watu. Kwa hiyo tunafunga transmita ndogo juu ya kamera, tunanyanyua antena zake, na tunasema tumeachana na waya.

Kazi ya waya, hata hivyo, ipo pale pale. Sehemu yake yamebebeshwa mawimbi ya redio, na sehemu nyingine imebebeshwa betri. Mawimbi na betri vina mipaka ambayo hakuna fundi anayeweza kuihamisha, na mengi tunayoyaita ubovu wa kifaa ni mipaka hiyo ikijitokeza katikati ya kazi.

Tuanze na mawimbi. Picha ya HD kamili ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni 2. Zidisha kwa fremu 50 kwa sekunde, kisha kila pikseli ibebe biti 20 za mwanga na rangi. Unapata biti bilioni 2 na ushee kila sekunde, kabla ya kuongeza sauti au kitu kingine chochote. Mwaka 1948 Claude Shannon wa maabara za Bell, Marekani, alithibitisha kihisabati kwamba kila chaneli ina kiwango cha juu cha taarifa inachoweza kupitisha bila makosa. Kiwango hicho hutegemea upana wa chaneli, pamoja na nguvu ya mawimbi ikilinganishwa na kelele iliyopo. Transmita nyingi za makameramani hufanya kazi katika bendi ya gigahezi 5, ile ile ya Wi-Fi. Chukua humo chaneli ya megahezi 40, na mawimbi yenye nguvu mara 1,000 kuliko kelele. Kanuni ya Shannon inakupa biti milioni 400 kwa sekunde. Hazifiki hata moja ya tano ya picha yetu.

Kutumia antena kadhaa kwa pamoja, kila moja ikirusha mkondo wake, huongeza uwezo huo, na ndiyo sababu vifaa hivi vina antena mbili, tatu au zaidi. Bado pengo ni kubwa. Njia iliyozoeleka ya kulivuka ni kuibana picha, kama zinavyofanya simu na televisheni za dijitali. Kompyuta ndogo ndani ya transmita hulinganisha fremu na fremu, hutupa kinachojirudia, na kurusha tofauti peke yake. Data hupungua mara nyingi sana, ila kulinganisha kunataka muda, na upande wa risiva, inayopokea mawimbi, picha inabidi ifumuliwe upya. Ucheleweshaji wa milisekunde 100 katika mfumo wa namna hii ni jambo la kawaida.

Milisekunde 100 zinaonekana si kitu hadi umuulize mtu anayevuta fokasi kwa kutazama monita. Mwigizaji anayetembea mwendo wa kawaida wa mita 1.4 kwa sekunde husogea sentimita 14 ndani ya muda huo. Lenzi ndefu iliyofunguliwa kabisa inaweza kuwa na kina cha fokasi cha sentimita chache tu. Mvuta fokasi anaona mahali mtu alipokuwa, anakuta tayari ameshapita, na macho ya mwigizaji yanatoka na ukungu. Ukumbini nako wageni wanamsikia MC kwa spika huku midomo yake kwenye skrini ikija nyuma.

Njia ya pili ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu walioibuni walikataa wazo kwamba biti zote zina thamani sawa. Kampuni ya Amimon ya Israeli ilitengeneza chipu inayoigawa picha kwa umuhimu. Taarifa kubwa kubwa, kama mwanga wa jumla wa kila eneo, hurushwa kwa namna imara inayostahimili kelele. Maelezo madogo madogo, kama nyuzi za kitambaa, hurushwa kwa namna inayokaribia analojia, ambapo kelele kidogo huleta kosa dogo tu. Fremu haingoji fremu nyingine, na ucheleweshaji unashuka chini ya milisekunde 1. Mawimbi yakidhoofu picha huanza kuchafuka kwa chenga kabla ya kupotea, kwa hiyo kameramani anapata onyo na nafasi ya kusogea. Chipu hizo ndizo zilizoingia kwenye transmita za Teradek Bolt, zikaenea katika seti za filamu duniani. Sam Mendes alipopiga filamu ya 1917 huko Uingereza mwaka 2019, akitaka ionekane kama shoti moja ndefu ndani ya mahandaki ya vita, mpigapicha mkuu Roger Deakins aliendesha kamera kwa mbali katika baadhi ya sehemu, akiwa amekaa garini mbele ya monita. Kazi hiyo haiwezekani kama picha inachelewa.

Hata chipu bora haiwezi kubadili tabia ya mawimbi yenyewe. Ukizidisha umbali mara mbili, nguvu inayofika mahali pa wazi hubaki robo. Mwili wa binadamu, ambao kwa sehemu kubwa ni maji, hunyonya sana mawimbi ya gigahezi 5. Hapo ndipo jaribio la saa nane mchana linapowadanganya wengi: ukumbi ni mtupu, picha inapita safi hadi mlangoni. Saa mbili usiku wanaingia watu 500 wenye maji mwilini na simu mfukoni, nyingi zikitafuta Wi-Fi katika bendi hiyo hiyo, na picha inaanza kukatika. Transmita ni ile ile ya mchana. Kilichobadilika ni chaneli, kwa maana ya Shannon: mawimbi yamepungua na kelele imeongezeka.

Kuweka risiva mahali unapoiona kamera kwa macho hakutoshi. Mawimbi huhitaji nafasi yenye umbo la yai refu kati ya antena mbili, eneo linaloitwa kwa jina la mwanafizikia Mfaransa Augustin Fresnel. Kwa gigahezi 5.8 na umbali wa mita 100, nusu kipenyo cha eneo hilo katikati ya njia ni mita 1.1. Vichwa vya watu vikiingia humo vinakula mawimbi, ingawa jicho linaona njia nyeupe. Ipandishe risiva kwenye stendi hadi iwe juu ya vichwa kwa zaidi ya mita moja. Najua stendi ndefu haipendezi kwenye picha za ukumbi, lakini ni dawa ya bei ndogo kuliko zote katika kazi hii.

Tazama pia antena zenyewe. Antena ya fimbo husambaza mawimbi pembeni mwake kwa umbo la tairi, na fimbo inapita katikati ya tundu. Kwenye ncha yake hakuna kitu. Ukiilaza ili ielekee risiva unakuwa umeinyooshea sehemu dhaifu kuliko zote, na makameramani wengi hufanya hivyo wakidhani wanalenga. Fimbo zisimame wima pande zote mbili. Penye umbali mkubwa, tumia antena bapa upande wa risiva, inayokusanya mawimbi kutoka mbele tu na kuyapuuza ya nyuma.

Sasa betri. Betri ya V-mount ya wati-saa 98 unayoifunga nyuma ya kamera kwa kawaida ni seli 8 za lithiamu zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. Huunganishwa mbili mbili sambamba, kisha jozi hizo nne hupangwa mfululizo. Kila seli ina volti 3.6 za wastani, ndiyo maana kwenye lebo unasoma 14.4. Ikijaa inafika 16.8, ikielekea kwisha inakaribia 12. Tuseme kamera inakula wati 60, transmita 10, monita 15, na mota za fokasi 10. Jumla ni wati 95, na betri yako ina saa moja.

Saa hiyo nayo haiendi sawasawa. Vifaa hivi hutaka wati zile zile hata volti zikishuka, kwa hiyo huvuta mkondo mkubwa zaidi. Kwenye volti 16 wati 95 ni ampea 6 hivi. Kwenye volti 12 ni karibu ampea 8, na joto linalopotea kwenye nyaya huongezeka kwa zaidi ya asilimia 75, kwa sababu hufuata kipeo cha pili cha mkondo. Betri kuukuu ina ukinzani mkubwa ndani yake. Ukinzani wa omu 0.2 ukipitiwa na ampea 8 unameza volti 1.6. Ndiyo sababu betri inayoonyesha taa tatu ikiwa mezani inaizima kamera mara tu unapobonyeza kurekodi. Pima betri ikiwa kazini.

Wanaopiga filamu Kilimanjaro, penye urefu wa mita 5,895 na baridi ya chini ya sifuri usiku, wanajua kuziweka betri ndani ya koti. Baridi huzorotesha kemia ya seli, na kuzichaji zikiwa zimeganda huziharibu kabisa. Kwetu pwani adui ni joto. Betri iliyojaa ikiachwa garini juani huzeeka haraka, na ile isiyotumika wiki nzima hupendelea kubaki na nusu ya chaji. Namba 98 nayo ina sababu: mashirika ya ndege huruhusu betri za akiba zisizozidi wati-saa 100 kwenye mzigo wa mkononi. Kati ya 100 na 160 unaomba kibali cha shirika, na mwisho ni mbili. Betri ya zaidi ya 160 hupandi nayo ndege ya abiria.

Kuna hatari moja inayostahili kuandikwa kwenye kila sanduku la kamera. Transmita hupata umeme kwa plagi ya D-Tap kutoka kwenye betri, na picha kwa SDI kutoka kwenye kamera. SDI ikiwa tayari imechomekwa, nawe ukaingiza D-Tap kwa mshazari, pini chanya inaweza kugusa kabla ya hasi. Umeme unaingia kwenye transmita na kutafuta njia ya kurudi, na iliyopo ni ganda la waya wa SDI, kupitia kwenye kamera. Sakiti ya SDI imetengenezwa kwa ishara ya volti 0.8. Inaungua papo hapo, bila moshi wala mlio, na unabaki na kamera nzima isiyotoa picha. Kampuni ya ARRI ya Ujerumani imetoa maelekezo ya kiufundi kuhusu jambo hili. Unapofunga, chomeka umeme kwanza na SDI mwisho. Unapofungua, toa SDI kwanza na umeme mwisho.

Vyuo vyetu vinavyofundisha upigaji picha vinatumia muda mwingi kwenye lenzi na taa, na ni sawa. Naviomba viongeze wiki mbili za redio na umeme, na kipima volti mkononi mwa kila mwanafunzi. Na wewe kameramani unayekusanya fedha za transmita inayofika mita 600, nunua kwanza betri mbili mpya za aina moja, stendi ndefu na antena bapa. Ile ya mita 150 uliyonayo huenda ikakutosha.