Neno Moja Katika Hati: Habari za John Jay

Wengi wetu tumewahi kuletewa karatasi tukaambiwa, "Weka sahihi hapa." Zamani tuliweka dole gumba, basi. Siku hizi tunasoma kwanza. Leo tunawaeleza habari za Mmarekani mmoja ambaye kazi yake ilikuwa ni hiyo hasa: kusoma hati za serikali, kuzibishania, na kuzitia sahihi. Jina lake ni John Jay.

Alizaliwa New York tarehe 12 Desemba, 1745. Wakati ule Marekani haikuwa nchi inayojitawala. Yalikuwepo makoloni 13 chini ya mfalme wa Uingereza. Jay alimaliza chuo mwaka 1764, akaingia ofisini kwa wakili mmoja. Enzi hizo mtu alijifunza sheria kama kijana anavyojifunza useremala: unakaa na fundi wako, unafanya kazi zake. Jay alinakili hati kwa mkono miaka minne. Mwaka 1768 akawa wakili.

Ugomvi na Uingereza ulipoanza, yeye hakuwa mkali. Alitaka wapatane na mfalme. Lakini vita vilipoanza mwaka 1775, na makoloni yakatangaza uhuru mwaka 1776, alisimama upande wa uhuru. Mwaka 1779 akatumwa Hispania kuomba fedha. Huko alipata mkopo mdogo tu, na hata kupokewa rasmi kama balozi hakupokewa. Mfalme wa Hispania naye alikuwa na makoloni yake huko huko Amerika. Angewasaidiaje hawa, na wale wake wanatazama?

Mwaka 1782 Jay akaitwa Paris, Ufaransa. Uingereza ilikuwa imechoka na vita, ikamtuma mjumbe aitwaye Richard Oswald azungumze amani. Kwa upande wa Marekani alikuwapo mzee Benjamin Franklin. Oswald alileta hati yake ya kazi, yaani barua ya serikali inayompa mjumbe uwezo wa kuzungumza. Jay akaisoma. Kumbe hati ile iliwaita Wamarekani "makoloni"! Jay akakataa kuendelea.

Mzee Franklin aliona neno hilo si kitu. Mradi amani ipatikane. Jay akaona vingine. Mtu akikubali kuzungumza kama koloni, basi uhuru wake unakuwa zawadi ya kupewa na mfalme mwishoni. Akizungumza kama nchi, uhuru ni wake tangu mwanzo. Basi wakangoja. Mwezi wa Septemba serikali ya Uingereza ikaandika hati nyingine, yenye jina la nchi mpya.

Wako wanaosema ubishi huo ulikuwa na gharama. Mwezi huo huo Waingereza waliwashinda Wahispania na Wafaransa huko Gibraltar, wakarudi mezani na nguvu zaidi. Inawezekana. Lakini mkataba uliotiwa sahihi tarehe 3 Septemba, 1783 uliwapa Wamarekani uhuru wao, na ardhi yote mpaka mto Mississippi. Wenyeji wa asili, waliokuwa wakiishi katika ardhi hiyo, hawakuulizwa neno.

Hapa inatubidi tueleze na jambo jingine la mwaka huo. Nyumbani kwa Jay, Paris, alikuwapo mtumwa mwanamke aitwaye Abigail, waliyetoka naye Amerika. Miezi michache tu baada ya sahihi zile, Jay akiwa safarini Uingereza, Abigail alitoroka. Polisi wakamkamata, akawekwa ndani. Akaugua huko, na muda mfupi baadaye akafa. Mwenye nyumba alikuwa ametoka kubishania neno moja lisilofaa kwa watu huru.

Waliporudi Amerika, Jay alishughulikia mambo ya nchi za nje, na mwaka 1789 akawa Jaji Mkuu wa kwanza wa Marekani. Cheo kikubwa, lakini majaji wa siku hizo walikuwa wakizunguka wilayani kwa farasi na kwa magari ya farasi, mvua na matope, kusikiliza kesi.

Mwaka 1794 vita vilikaribia tena. Waingereza walikuwa bado wamekalia ngome ambazo waliahidi kuziacha mwaka 1783, tena walikuwa wakikamata meli za Wamarekani. Rais George Washington akamtuma Jay London. Alirudi na mkataba wa nusu shibe: ngome zitaachwa mwaka 1796, wenye meli watalipwa fidia. Lakini mabaharia waliokamatwa kwa nguvu na kuingizwa katika jeshi la Uingereza hawakutajwa kabisa. Watu walikasirika, wakachoma masanamu ya Jay barabarani. Hamilton, aliyesimama New York kuutetea mkataba huo, alipigwa mawe. Baraza la Seneti liliupitisha mwaka 1795 kwa kura 20 dhidi ya 10, yaani theluthi mbili kamili zilizotakiwa. Ingepungua kura moja tu, umeanguka. Vita na Uingereza havikuja mpaka mwaka 1812.

Aliporudi, Jay alikuta amechaguliwa gavana wa New York. Tangu mwaka 1785 alikuwa ameongoza chama cha kutetea watumwa waachiwe huru, na huku mwenyewe anao. Mwaka 1799 alitia sahihi sheria: mtoto wa mtumwa atakayezaliwa kuanzia tarehe 4 Julai mwaka huo ni mtu huru. Lakini isomeni mpaka chini. Mtoto huyo alitakiwa amtumikie bwana wa mama yake mpaka miaka 25 akiwa mwanamke, na 28 akiwa mwanamume. Na mama mwenyewe alibaki mtumwa.

Ilibidi itungwe sheria nyingine, na utumwa ukakoma New York tarehe 4 Julai, 1827. Jay alikuwa na miaka 81, amestaafu shambani kwake Bedford. Alifariki huko tarehe 17 Mei, 1829.